Kigingi cha Joss Emmerson

Ukihitaji kitu cha chuma kijijini kwetu Brackenlaw, kaskazini mwa Uingereza, mtu wa kumwendea alikuwa Ridley Teasdale. Pampu ya kisima, gia ya baiskeli iliyoacha kutengenezwa kabla ya vita, bawaba ya mlango wa kanisa: ama anacho, ama anamjua aliye nacho, na kama aliye nacho ni bahili, Ridley anajua pia namna ya kukaa jikoni kwake mpaka akitoe. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mgane, mpole, mtu wa kuinamisha kichwa. Kwa hiyo kamati ya mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji wa makaa ilipokutana pale klabu mwezi wa pili, ikakubaliana kwamba mnara usio na kigari cha makaa ni kaburi tu, hakuna aliyepiga kura. Wote walimgeukia yeye.

"Sisi wengine tutaleta maneno," alisema Vera Pallister, mwenyekiti, aliyewahi kuwa mpishi wa shule na ambaye hadi leo huzungumza na watu wazima kana kwamba wamepanga foleni na sahani. "Wewe, mzee wangu, tuletee chuma."

"Kitapatikana," alisema Ridley.

Kisha Vera akavaa miwani na kusoma majina yatakayochongwa kwenye jiwe. Yalikuwa arobaini na matatu, wote waliokufa chini tangu mgodi ulipofunguliwa hadi ulipofungwa. Alipofika kwa Emmerson, Joss, mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, sauti ilitoka kule penye birika la chai.

"Hilo liondoe."

Alikuwa Nessie Emmerson, mjane wake. Hakuwa mwanakamati. Alikuja kuchemsha chai tu, kama alivyochemsha chai ya kila kikao pale klabuni kwa miaka mingi bila kuombwa na bila kushukuriwa sana.

"Mama, hatuwezi kumwacha Joss," Vera alisema. "Amekufa mle kama wenzake."

"Hakuhesabiwa kama wenzake. Jina lake mmelitumia vya kutosha. Likichongwa pale, kila atakayepita atalisoma na kucheka. Liache lipumzike."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kubisha. Vera alisema mchonga jiwe anataka orodha kamili Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, na hadi siku hiyo mama afikirie. Ridley alikuwa akitazama viatu vyake.

Sasa, ili uelewe kicheko chenyewe. Kigari cha makaa kilichojaa, kwenye mteremko, chini ya ardhi, hakina breki. Breki yake ni kigingi: kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono toka kiwiko, unakichomeka katikati ya njiti za gurudumu na gurudumu linagoma. Kila msukumaji alikuwa na chake, amekichonga mwenyewe, amekichoma herufi za jina lake kwa msumari wa moto, anakivaa kiunoni. Kushuka mteremko na kigari bila kigingi lilikuwa jambo la kipumbavu kuliko yote. Joss Emmerson alishuka hivyo, akijaribu kukizuia kigari kwa mgongo, na kigari kikamponda ukutani. Uchunguzi ukasema kosa ni lake. Tangu wiki ile, kijana yeyote aliyesahau kigingi aliambiwa amepiga Joss. Baadaye hata aliyesahau mkate wake nyumbani alikuwa amepiga Joss. Mwanamke aliyeacha sufuria ikaungua, amepiga Joss. Watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa hawakujua kama hilo lilikuwa jina la mtu.

Na Ridley ndiye aliyelisambaza kuliko wote. Alipopewa kazi ya kuwafundisha vijana, alianza kila darasa jipya kwa kuinua kigingi na kusema, "Asiyekuwa na hiki, tunamwitaje?" Nao walimjibu kwa pamoja. Mgodi wa Brackenlaw ulipofungwa akahamia migodi ya ufukweni, na neno akaenda nalo, akalitia midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kukiona kijiji chetu. Vijana walimpenda. Walisema mwalimu Teasdale anachekesha.

Bandani kwake, nyuma ya makopo ya rangi, palikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe, kitambaa cha flana. Ndani ya flana, kigingi kimoja cha mti wa mwaloni kilichochomwa herufi J na E. Kilikaa pale miaka hamsini na mmoja.

Kutafuta kigari kulimchukua miezi miwili. Mwanzoni alikwenda mbio mbio, akijidanganya kwamba chuma kizito hufidia jambo fulani. Makumbusho walimwambia vyao vimeorodheshwa. Baa moja njia ya kwenda Consett ilikuwa na kimoja mlangoni, kimepandwa maua, na mwenye baa hakutaka kusikia habari. Vigari vingine alivyoonyeshwa vilikuwa vya bandia, vya mbao za juzi. Mtu wa vyuma chakavu alimpeleka nyuma ya ghala, akamwonyesha pipa lenye magurudumu ya gari la mtoto.

"Hiki ni kigari?" Ridley aliuliza.

"Kwa anayepita kwa basi, ni kigari," alisema yule mtu.

Mwishowe akasikia habari za Anty Bainbridge, mfugaji wa kondoo huko juu kabisa ambako bonde la Wear huishiwa na miti. Anty alikuwa na kigari cha kweli. Baba yake alikichukua mgodi ulipofungwa, akakiweka malishoni, na kondoo wakala ndani yake kwa miaka arobaini na minne.

"Unataka hori la kondoo wangu," alisema Anty, akiegemea lango. "Na wao wale wapi, mezani kwangu?"

"Nitakuchomelea hori jipya. Refu zaidi, lina mfuniko wa mvua."

"Kondoo hawajalalamika kuhusu mvua."

"Wewe umewauliza?"

Anty akafikiri, akakubali kwamba hakuwauliza. Ridley akachomelea hori kwa siku nne, akalipandisha mwenyewe kwa trela, na kigari kikashuka Brackenlaw kikinuka samadi. Alikipindua uani kwake kukisafisha. Chini ya tabaka la kutu na mavi ya kondoo zikatoka herufi za mgodi wetu na namba, mia mbili kumi na nne. Kilikuwa chetu.

Mtu mwingine angefurahi. Ridley alikaa chini kwenye ndoo, brashi mkononi. Kile kigari kilichomponda Joss, hakuna aliyeandika namba yake. Kilioshwa damu kikarudishwa kazini Jumatatu. Kilikuwa kimoja kati ya mia tatu, na hiki kilikuwa kimoja kati ya mia tatu, na hapakuwa na njia duniani ya kujua. Aliendelea kusugua huku akiona aibu kukigusa.

Alikipaka rangi, akatafuta reli mbili, akaviweka vyote kwenye uwanja mbele ya klabu, juu ya mteremko mdogo kama mchoro ulivyotaka. Kamati ikatoka kukitazama. Wazee nao wakatoka na bia zao. Kila mzee, bila hata mmoja kukosa, aliinama kwanza atazame gurudumu.

"Kigingi kiko wapi?" aliuliza Tot Wardle. Tot alikuwa na miaka themanini, miguu imemwisha, husukumwa kwenye kiti cha magurudumu na binti yake Doreen, lakini ulimi wake haukuzeeka. "Kigari mteremkoni bila kigingi, ndugu zangu. Mnara utazinduliwa na mtu mzito, kijiwe mlichokitega kitatoka chini ya gurudumu, na mtu mzito atapelekwa hadi kituo cha basi."

Watu wakacheka.

"Kweli, Ridley," Vera alisema, akicheka bado. "Chuma chote hiki, halafu tupige Joss mchana kweupe?"

Ilimtoka kama ilivyokuwa ikimtoka kila mtu. Alikuwa hajamaliza kulitamka alipomwona Nessie mlangoni na sinia ya sandwichi za nyama na dengu. Nessie akaitua sinia juu ya ukuta mfupi, akanyoosha kitambaa chake taratibu pembe hadi pembe, akarudi ndani.

"Mungu wangu," Vera alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mtu gani."

Ridley akajua ni mtu gani aliye mbaya zaidi kuliko Vera, na amesimama wapi. Sandwichi hakuzigusa. Alikwenda moja kwa moja bandani, akasogeza makopo ya rangi, akautoa mkebe. Ilikuwa Jumanne. Orodha ya majina ilikuwa iondoke Ijumaa.

Asubuhi ya Jumatano alibisha mlango wa Nessie, kigingi kimefungwa gazeti kwapani. Alikuwa amevaa tai. Nessie aliitazama ile tai, akatazama gazeti.

"Kama umetumwa na Vera kuniomba radhi, ameshakuja. Amelia hadi nikamfariji mimi."

"Sikutumwa, Bi Nessie."

Wakakaa jikoni. Ridley alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha. Akafungua tu gazeti, akakiweka kigingi mezani katikati ya kopo la sukari na bili ya umeme, herufi zikiwa juu.

Nessie hakukigusa mwanzoni. Alizisoma zile herufi kwa muda ambao Ridley aliuona mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye E, ambayo mguu wake wa chini ulipinda.

"Hii aliichoma jikoni kwa mama yake," alisema. "Nilikuwa nimeushika mshumaa. Nilipiga chafya, mkono ukamteleza." Akakigeuza upande wa pili. "Walisema hakuwa nacho."

"Hakuwa nacho. Nilikuwa nacho mimi."

Akamweleza. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, zamu ya asubuhi, na mchana kulikuwa na maonyesho ya liki pale klabu, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu tunazozishindania kwa unene. Ridley alikuwa na miaka ishirini, na kwenye bustani yake alikuwa na liki tatu nene kama mapaja ya mtoto, za kwanza maishani mwake zilizostahili kuwekwa mezani. Saa saba kamili mlango wa maonyesho unafungwa. Kigingi chake kilikuwa kimevunjika asubuhi ile. Joss akamwazima chake: shuka na kigari chako, kisha nirudishie huku juu, nishuke na changu. Ridley akashuka, akakifunga kigari chake, akakikabidhi kwenye kamba ya kuvutia vigari, akachomoa kigingi akakitia mfuko wa nyuma. Kengele ya lifti ya kwanza ikalia. Kurudi juu ya mteremko ni dakika kumi. Lifti ya pili ingekuwa nusu saa baadaye.

"Nikakimbilia lifti," alisema. "Nilikigundua mfukoni nilipokuwa naosha liki. Nikasema atapata kingine. Nikasema atasubiri. Waliponiletea habari nilikuwa nimesimama kwenye meza ya maonyesho."

"Ulishinda?"

Hilo hakulitarajia. "Wa pili," alisema. "Nilipewa saa ya ukutani."

"Ile ya sebuleni kwako."

"Ndiyo."

"Nimekaa chini ya saa hiyo siku ya msiba wa mkeo. Nikasema ina mlio mzuri." Alisukuma kopo la sukari mbali kidogo na kigingi. "Na kwa mkaguzi ulisema nini?"

"Aliniuliza kama Joss alikuwa na kigingi. Nikamwambia mara ya mwisho nilipomwona hakuwa nacho."

"Hukusema uongo, basi," alisema Nessie, na Ridley akatamani angempiga kofi.

Alisema samahani. Aliisema mara tatu, ikazidi kuwa ndogo kila mara, kisha akaacha kwa sababu aliisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa haina uzito. Nessie alikuwa akitazama nje, kwenye kamba ya nguo.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Kabla ya siku ile ulikuwa ukipita hapa unaniita shemeji. Shemeji, chai ipo? Shemeji, mumeo ananikimbiza kazini. Baada ya mazishi ukaanza Bi Nessie. Mimi nikasema, hata Ridley anamwonea Joss haya. Hata rafiki yake. Na nikaanza kumwonea haya mimi pia. Mume wangu mwenyewe. Nilipowasikia watoto wanalisema lile neno, sikuwakemea. Nilidhani ni kweli."

Ridley aliufunika uso kwa mikono. Alikuwa amefikiria kwa miaka hamsini na mmoja kile alichomwibia Joss, na hili la Nessie hakuwahi kulifikiria hata siku moja.

"Mtoto wa dada yangu alisoma kwako," Nessie aliendelea. "Alirudi siku ya kwanza akicheka. Nikamuuliza mnafundishwa nini, akanitajia. Hakujua. Ulijua wewe."

"Nilijua."

"Basi mimi usiniambie. Mimi ni mtu mmoja. Kawaambie uliowafundisha. Kesho kuna kikao, nami nitakuja, sitachemsha chai."

Alhamisi ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana Nessie alipotoka nyumbani bila aproni watu wawili watatu walimwona wakajua kuna jambo. Alikaa safu ya mbele na mkoba magotini. Ridley alisimama, akakiweka kigingi mezani mbele ya Vera, na akasimulia yote kama alivyoyasimulia jikoni: kigingi kilichovunjika, cha kuazima, lifti, liki, saa ya ukutani, jibu alilompa mkaguzi. Alisema na habari za madarasa. Aliwatazama waliokuwa wanafunzi wake, sasa watu wa vitambi na wajukuu, na mmoja mmoja wakaangalia pembeni.

Kisha kiti cha magurudumu kikalia kidogo. Tot Wardle alikuwa amejisogeza mbele.

"Kuna kipande umekiruka," alisema Tot.

"Nimesema yote, Tot."

"Nilikuwa mteremkoni, hatua thelathini juu ya Joss. Alikuita. Ridley. Halafu tena, Ridley, kwa nguvu. Nikamwambia mkaguzi nilimsikia akikuita, naye akasema haina maana, marafiki wanaagana. Mimi nikadhani anakutania kuhusu liki zako." Mzee alipumua. "Sauti ile ilifika hadi lango la lifti. Mimi najua sauti inavyokwenda mle. Sasa niambie. Ulisikia au hukusikia?"

Hapa ndipo mtu angeweza kuokoka. Angesema kengele ilikuwa ikilia, mashine zilikuwa zikipiga kelele, na nani angempinga? Kwa Nessie jana alikiruka kipande hicho, na kukiruka kulikuwa rahisi sana hata hakukuhisi kama kuruka. Alimtazama Nessie sasa. Nessie alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Nilisikia," alisema Ridley. "Zote mbili. Nilijua anachotaka. Nikajifanya sikusikia, nikaingia kwenye lifti."

Nessie akainuka. Watu walidhani anaondoka, wakampisha. Alikwenda hadi mezani, akaichukua orodha ya majina mbele ya Vera, akaomba kalamu. Jina la Joss lilikuwa limewekewa alama ya kuuliza. Aliifuta ile alama kwa kuichora juu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Lichongeni," alisema. "Kubwa sawa na mengine."

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri kwa Ridley, na si mimi nitakayemwonea huruma. Hakuna aliyemtukana. Muuza nyama alimhudumia, lakini baada ya wengine wote. Klabuni meza yake ilibaki na kiti kimoja. Wanafunzi wake wa zamani, waliokuwa wakimwita mwalimu, sasa walimwinulia kidevu tu, na wengine nadhani walikuwa na hasira zaidi kwa sababu vicheko vile walivicheka wao. Saa ya ukutani aliishusha. Hakuweza kuitupa, wala kumpa mtu, ikabaki sakafuni ikitazama ukuta. Aliendelea kwenda kwenye mnara kila siku, akapiga msasa reli, akapalilia nyasi, na kama mtu alifika aliondoka.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa. Bendi ilipiga, bendera ya mgodi ikatolewa kwenye sanduku lake, mchungaji akawa mfupi kwa sababu ya upepo. Kwenye jiwe, Joss alikuwa wa thelathini na nane kutoka juu. Vera alikuwa ametaka kigingi kifungwe kwa mnyororo kisije kikaibiwa. Nessie akasema aliyekiiba yupo, anajulikana, na amekoma. Kisha yeye mwenyewe, kwa koti lake la buluu, akainama na kukichomeka kwenye njiti za gurudumu, akakigonga kwa kiganja mara mbili kikae. Wazee wote wakashusha pumzi.

Ridley alikuwa nyuma kabisa, kwenye uzio. Watu walianza kuelekea ndani kwa chai. Doreen alikiachia kiti cha baba yake kidogo tu ili amsalimie mtu, na kwenye ule mteremko kiti kikaanza kuondoka chenyewe, polepole, Tot akiwa juu yake na sahani ya keki mkononi. Vera alikirukia akakishika.

"Doreen, mwanangu," alisema Tot kwa utulivu, akiilinda keki yake. "Umepiga Ridley."

Kicheko kikalipuka. Kilimtoka kila mtu, wakubwa kwa wadogo, kicheko kile kile cha miaka yote, kimepata jina jipya na hakikujali. Mwanamke mmoja akalirudia kwa mwenzake aliyekuwa mbali hakusikia. Ridley alihisi uso wake ukiwaka hadi masikioni. Alitembea katikati yao, watu wakampisha wakiwa bado wanacheka, akainama nyuma ya kiti cha Tot, akaikandamiza breki kwa mguu mpaka ikalia. Halafu hakujua aende wapi, akabaki pale ameushika mpini.

Nessie alimjia. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma."

"Watu watakwambia utazoea." Alikung'uta vumbi la mti kwenye kiganja chake. "Hutazoea, shemeji."

Kisha akaenda ndani kunywa chai, ambayo siku hiyo walikuwa wameichemsha wengine.